Mpishi Aliyechukua Sikukuu za Memsahibu

Wazungu wa shamba la katani walipofungasha, miaka ile baada ya Uhuru, waliowatumikia waligawana vilivyobaki. Mtunza bustani alichukua mpira wa kumwagilia. Dereva alichukua kiti cha kuzunguka, na mpaka anakufa hakumruhusu mtu kukikalia. Dobi alichukua mapazia, akamshonea mkewe gauni, na yule mama akawa anatembea Kimamba nzima na maua makubwa kifuani kama dirisha la mkubwa. Mpishi hakuchukua hata kijiko. Alichukua sikukuu.

Mimi hayo sikuyaona, aliniambia mwenyewe. Nilimjua baadaye, wakati wa Operesheni Vijiji, tulipoletwa kwa lori kwenye kijiji kipya upande wa Masanze, nikapewa kiwanja ubavuni mwa chake. Mama huyo kijiji kizima kilimwita Mpishi, akaitika, basi na mimi ndivyo nitakavyomwita. Habari za kuzaliwa kwake sikumuuliza. Jirani mtu mzima haulizwi alizaliwa na nani, anaulizwa kama ana chumvi.

Memsahibu wake alikuwa mtu wa Ailandi. Krismasi na Pasaka alikuwa nazo kama sisi Waanglikana, lakini chini ya hizo alikuwa na nyingine, za mababu zake, tangu padri wa kwanza hajakanyaga kisiwa chao. Mumewe alizicheka. Kwa hiyo yule mama alizifanyia jikoni, na jikoni alikuwepo Mpishi. Zilikuwa nne. Mwanzo wa Februari ni Imboliki, kondoo wanapoanza kutoa maziwa. Mwanzo wa Mei ni Beltani, mifugo inapitishwa katikati ya mioto miwili isipate ugonjwa. Mwanzo wa Agosti ni Lunasa, mkate wa nafaka mpya. Na jioni ya mwisho wa Oktoba ni Sauini, wafu wanaporudi nyumbani kula. Mpishi aliyataja majina hayo kama mtu anayetaja shangazi zake.

Nilimuuliza kama alimpenda sana yule mzungu mpaka akabeba mambo yake.

"Nimpendee nini?" akasema. "Alikuwa hajui kuosha hata kijiko alichokorogea chai yake. Lakini siku zake zilikuwa nzuri. Nilipenda siku."

Siku hizo alizipenda kwa namna moja tu: awe peke yake. Jambo hili mlielewe vizuri, maana ndilo lililomsumbua. Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa. Tulilima pamoja, tulipalilia pamoja, dukani tulipanga foleni pamoja, na ukikohoa usiku asubuhi unaulizwa umepata dawa. Sisemi vibaya, tulisaidiana sana. Lakini mtu alikuwa hana pa kujikuna bila kuonekana. Mpishi alifanya yote ya kijiji, jembe lake lilikuwa la kwanza shambani, na kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama, mkali kuliko katekista. Ila mara nne kwa mwaka, jua likielekea kuzama, aliegesha mlango. Ukibisha hodi ulijibiwa neno moja: "Kesho."

Hata mimi nilijibiwa hivyo, na nilikwenda kurudisha kinu chake.

Sasa kalenda ya Ailandi na ardhi ya Kilosa hazikupatana, na mimi ni mtu wa kusema ninachokiona. Nilimwambia, "Dada, mwezi wa pili huko kwao baridi inaondoka, ndiyo maana wanafurahi. Hapa mwezi wa pili hakuna kinachoondoka ila akiba ya ghalani. Wewe unashangilia nini?"

"Mungu ana mwaka mmoja," akanijibu. "Kalenda ni za watu."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu kisicholingana. Jingine lilikuwa "Unga hauna dini." Alilisema sana, kwa sababu mikate yake iliingia nyumba zote, za Waanglikana wa milimani na za Waislamu wa bondeni, na kila nyumba ilikuwa na wasiwasi wake.

Siku ya Imboliki alisuka milulu ya mtoni kuwa kitu chenye mikono minne, akakitundika juu ya mlango. Katekista alipopita alisimama akainamisha kichwa, akasema ni msalaba mzuri. Mzee Salum, jirani yetu wa upande wa pili, mfuga bata, akaja naye akasimama.

"Mpishi, hili pangaboi la nini?"

"Linazuia radi, Mzee."

Mzee Salum akatazama mbingu. Masika yalikuwa yanakaribia, na nyumba yake ilikuwa ya nyasi. "Radi inachagua dini?"

"Haichagui."

"Basi nisukie na mimi. Ila mikono yangu uipinde kidogo, isije ikafanana sana na ya katekista."

Akamsukia, akaipinda.

Mkate wake aliuoka kwenye tanuri alilojenga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu. Lilikaa nyuma ya nyumba kama bibi aliyechuchumaa. Ngano ilipatikana kwa bahati, kwa hiyo alichanganya mahindi na muhogo. Cha kuumua alitumia magadi, na badala ya maziwa ya Memsahibu yaliyochachishwa kwa chupa maalumu alinunua mgando kwa wafugaji. Zabibu kavu hakuna, akaanika ndizi mbivu juani huku akigombana na nzi mmoja mmoja. Memsahibu alikuwa na jani lake la harufu, alilipanda kwenye vyungu barazani. Mpishi alilitafuta jani kama lile toka Chanzuru mpaka kwetu, asilipate, akatumia kivumbasi. Alikisugua kiganjani, ananusa, anafumba macho, anasema, "Siyo yenyewe. Lakini inajua kazi." Halafu anakifukiza nyumba nzima, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, na mbu wote wanahamia kwangu.

Usidhani alikuwa mpole. Ukipindua kifuniko cha chungu chake kuchungulia alikupiga mkono na mwiko. Alichukia upotevu, ungeokota ukoko ukautupa angekusema mpaka ukoo wako uone haya. Na huyohuyo ndiye aliyeweka sahani nzima nje ya dirisha jioni ya Sauini, imejaa, asile wala asimpe mtu. Alituambia kila siku kwamba ushirikina ni uvivu wa akili. Na huyohuyo akikutana na kinyonga njiani alirudi nyumbani, akaghairi safari, kama ni kwenda kanisani basi Mungu angesubiri.

Beltani ndiyo iliyompa sifa asiyoitaka. Ilikuwa Mei Mosi. Mwenyekiti wa kijiji alikwenda Kilosa kwenye maandamano, na jioni akarudi na mgeni kutoka wilayani, ndani ya Landrova yenye matope mpaka kwenye kioo. Mpishi naye, nyuma ya nyumba, alikuwa amewasha mioto yake miwili. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi umeziba mtaa, na yeye amejifunga maua ya njano kichwani anamvuta mbuzi wake apite katikati. Mbuzi hataki. Mpishi anamwambia, "Pita, mpumbavu, ni afya yako!" Kuku walishapita wote na wawili walipita tena bila kuulizwa.

Landrova ikasimama. Mgeni akashuka akauliza mama yule anafanya nini. Mwenyekiti hakujua, lakini mwenyekiti haruhusiwi kutojua. Akasema, "Anasherehekea siku ya wafanyakazi, Ndugu Mkubwa."

"Na maua?"

"Ni furaha ya mkulima."

"Na mbuzi?"

Mwenyekiti akafikiri. "Naye ni mfanyakazi."

Mgeni alifurahi, akampa Mpishi mkono, akatutaka sote tuige mfano. Mwaka uliofuata Mei Mosi tuliambiwa kila kaya iwashe moto, na watu walizunguka wamevimba macho mpaka kesho yake. Mpishi alikasirika. Siku hiyo alikaa ndani na mbuzi wake bila moto wowote. "Wamenichukulia moja," aliniambia. "Zimebaki tatu."

Sikumwelewa vizuri. Nilidhani anaringa.

Sasa nije kwenye ile pete. Sauini ilikuwa na mkate wa wafu, na mkate wa pili wa majirani aliougawa kesho yake asubuhi. Ndani ya ule wa majirani aliweka pete ya shaba, kama alivyofanya Memsahibu. Atakayeipata ataoa au ataolewa mwaka huohuo. Kila mwaka iliangukia watoto, tunacheka, yanakwisha. Mwaka mmoja Mwenyekiti alipitia kwangu kunikumbusha zamu ya kupalilia, nikamkatia kipande. Alikuwa na wake wawili na amani kidogo. Akauma. Tulisikia kitu kinalia kama jiwe kwenye kinu.

Alitoa pete, halafu akatoa jino.

Lile jino angelisamehe. Tatizo ni kwamba wanangu, wajinga hawa, walikimbia mtaani wakipiga kelele, "Mwenyekiti anaoa! Mwenyekiti anaoa!" Kabla jua halijafika katikati, wake zake wawili, ambao walikuwa hawasalimiani, walifika kwa Mpishi wameshikana mikono.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Huyo wa tatu ni nani? Tutajie tu jina, hatutamfanya kitu."

Mpishi aliwaeleza ni mchezo wa wazungu. Hawakuamini hata kidogo. Mwenyekiti alilala ofisini wiki ile, juu ya magunia ya mbolea.

Na asubuhi ileile ya jino ndipo bata wa Mzee Salum alipokutwa amekufa chini ya dirisha la Mpishi, ubavuni mwa sahani ya wafu, sahani tupu. Basi. Aliyekuwa na jino akamwita aliyekuwa na bata, na mkutano ukaitishwa kwenye baraza la ghala la kijiji, saa nne asubuhi, kila mtu aache jembe aje.

Mwenyekiti alisimama, shavu bado limevimba. "Ndugu wanakijiji, kuna malalamiko."

Mzee Salum akanyanyuka. "Mimi sina ugomvi na mama huyu, radi haijanipiga tangu anisukie. Lakini bata wangu alikula kwenye sahani yake, na asubuhi alikuwa miguu juu."

"Alikula mkate mzima peke yake, Mzee," Mpishi akasema. "Wa magadi. Hata wewe ungelala miguu juu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Swali si bata! Swali ni sahani. Mlango umefungwa, taa iko dirishani, chakula kiko nje. Unampikia nani?"

"Wageni."

"Mgeni wa kijiji anaandikishwa kwa balozi wa nyumba kumi."

"Hawa hawaandikishiki."

Nyuma mtu mmoja akasema neno "uchawi", kwa sauti ndogo, na neno hilo likitoka halirudi. Nilimwona mama mmoja akimvuta mwanawe karibu, mtoto aliyekula mikate ya Mpishi tangu aote meno.

Mwenyekiti akasema, na safari hii hakuwa anatania, "Kijiji hiki hakiwezi kukaa na mtu anayewapikia wasioonekana. Utafungasha, Ndugu, urudi kwa ndugu zako."

Mpishi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga. Akaacha.

"Ndugu zangu wako Kisanga," alisema. "Wako chini. Mama yangu, dada zangu, na mtoto wangu mmoja niliyekuwa naye. Lori lilipokuja niliambiwa nipakie vyombo na kuku. Makaburi hayapandi lori. Tambiko la kwetu ni lazima uende walipolala, uwamwagie unga, uwaite. Nitafikaje? Njia imeshakuwa pori, tembo wanalala uani kwangu. Siku hii ya Memsahibu huendi kwao. Unawasha taa, unaweka mkate, unatulia. Wanakuja wenyewe."

Hakuna mtu pale barazani ambaye hakuacha mtu wake chini ya udongo mahali fulani, akapanda lori akiangalia nyuma. Mimi nilimwacha baba. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Mama mmoja akauliza, "Wanakuja hata kama ni mbali?"

"Wa Memsahibu walivuka bahari."

Mzee Salum alikohoa. "Na kama marehemu alikuwa hali mkate? Baba yangu alikuwa mtu wa ugali tu."

"Weka ugali, Mzee. Sahani ni yako."

"Wangu asikae karibu na mnywa pombe," akasema mwingine. "Hata alipokuwa hai hakupenda."

Wakaanza kusema wote, huyu na mama yake, yule na pacha wake, mpaka Mwenyekiti akagonga meza tena. Alikuwa ameona njia, na mwenyekiti akiona njia humzuii. "Sikilizeni! Mtu mmoja akilisha wafu kwa kujifungia, huo ni uchawi. Kijiji kizima kikilisha, hiyo ni mila na utamaduni wetu. Kuanzia mwaka ujao itafanyika hapa ghalani, kwa ujamaa, na Mpishi ataongoza. Akikataa, afungashe."

Makofi. Watu walimgeukia Mpishi wakitabasamu, wanamwokoa. Alifunga fundo kwenye ncha ya khanga.

"Haya," akasema.

Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu. Niliona amebaki, kwangu hilo likatosha.

Mwaka uliofuata palikuwa na kamati ya unga, kamati ya kuni, na kamati ndogo ya wafu, iliyopanga nani akae upande gani. Ghala lilijaa. Sahani zilipangwa kwenye mikeka toka mlangoni mpaka kwenye magunia ya mbegu. Palikuwa na ngoma, na Mwenyekiti alihutubia mpaka mikate ikapoa, aliwakaribisha marehemu wote bila kujali kabila wala dini, akawataka walio hai waongeze juhudi kwenye pamba. Wake zake walikaa pamoja wanamlinda. Mzee Salum alilia kwa sauti mbele ya ugali wa baba yake, na bata wake walifungiwa nyumbani kwa amri ya kamati. Ilikuwa sherehe nzuri. Siwezi kusema uongo, mimi mwenyewe nilimwona baba yangu kana kwamba yuko pale, anautazama mkate kwa kudharau.

Nilimkuta Mpishi nje, kwenye ngazi ya nyuma, ameshika sahani yake ileile bado imejaa.

"Dada, mbona huku?"

"Watu wamejaa," akasema. "Wangu hawakupata pa kukaa."

Nilitaka kumwambia tuingie, nitamsukuma mtu. Nikaitazama ile sahani. Kwa mara ya kwanza nikaelewa alichomaanisha kwa kusema zimebaki tatu. Na sasa zilibaki mbili, na hata hizo Mwenyekiti alishaanza kuziulizia tarehe.

Aliongoza miaka yote ile na hakulalamika. Aligawa mikate, alinyoosha mikeka, alipiga mikono ya wachunguliaji. Watu wakamheshimu, wakamwita kwa kila jambo. Sijui kama kuna mwanamke aliyependwa na kijiji kile kumshinda yeye. Na alikuwa anakonda.

Baadaye mambo ya vijiji yakalegea, watu wakaanza kurudi kidogo kidogo kwenye mashamba yao ya zamani, na ghala likawa la popo. Binti wa Mzee Salum, aliyejifunza kuoka kwenye lile tanuri, akafungua mgahawa Mikumi, kando ya barabara ya malori, akamchukua Mpishi akakae naye. Miaka ikapita sijamwona.

Nilikwenda mwisho wa Oktoba. Sikwenda kwa bahati, nilichagua. Nilimkuta uani nyuma ya mgahawa, amekuwa mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, anatoa mkate kwenye tanuri jipya la kichuguu. Jua lilikuwa linashuka, upande wa mbele malori yananguruma.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakunikumbatia. "Umekuja siku mbaya."

"Siku naijua."

Akanitazama vizuri, kisha akatazama nyuma yangu. "Umekuja na kamati?"

"Niko peke yangu."

"Basi kaa hapo nje. Nikimaliza nitakuita."

Akabeba mkate na koroboi, akaingia chumbani kwake, akaegesha mlango. Nikageuza kreti la soda nikakaa. Njaa ilikuwa inaniuma na harufu ya kivumbasi inatoka chini ya mlango, lakini sikubisha.

Akaja kijana, utingo wa lori, mikono ina grisi, anataka kubisha.

"Mpishi yupo?"

"Kwenu hamwamkii?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Yupo. Ana wageni."

"Wengi?"

Nikasikiliza. Ndani alikuwa anaongea Kisagara, taratibu, mara ananyamaza kama mtu anayejibiwa. Kisha akacheka, kicheko kirefu ambacho sikuwahi kumsikia nacho kijijini.

"Naona wamefika wote," nikasema.

Kijana akainama, akatazama kizingitini. "Mbona sioni kiatu hata kimoja?"

"Hao hawavai," nikamwambia, nikalisogeza kreti mpaka mgongo wangu ukagusa mlango.